Mgongo wa Karaba: Utangulizi wa Kusoma Ngano Zilizochorwa

Mtazamaji wa Biryogo, mtaa wa Kigali wenye Waislamu wengi, anayo elimu moja ambayo mwanafunzi wa filamu kwingineko huipata kwa taabu: amekulia kwenye agasobanuye. Filamu inatoka Marekani, India au Hong Kong, sauti za waigizaji zinapunguzwa, na juu yake mtu mmoja anaongea Kinyarwanda tangu mwanzo hadi mwisho. Anatafsiri, anatania, anamtabiria jambazi mwisho wake, anampa shujaa jina la mtaani. Nkusi Thomas, aliyejulikana zaidi kwa jina la Yanga na aliyefariki mwaka 2022, aliifanya kazi hiyo kuwa fani inayoheshimika. Mdogo wake, Junior Giti, naye akashika kipaza sauti. Tanzania walikuwa na Lufufu, Kenya wanaye DJ Afro. Aliyezitazama filamu za namna hii kwa miaka anajua, hata kama hajawahi kulitamka, kwamba maneno ni kitu kimoja na picha ni kitu kingine. Msimuliaji akishasema huyu ni mwovu, jicho bado lina haki ya kukataa.

Taaluma ninayokukaribisha inaanzia hapo hapo. Ni uchambuzi wa masimulizi na ishara za picha katika filamu za katuni zilizojengwa juu ya ngano. Wengi wanaikaribia wakidhani ni kazi ya kukariri: nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi, nyoka ni usaliti, mlima ni hekima. Wakishakuwa na orodha hiyo mkononi, wanaipita filamu kama askari wa ushuru anayekagua mizigo, na wanatoka na yale yale waliyoingia nayo. Mimi orodha hizo siziamini. Rangi ya njano iliyopakwa barabarani hapa Biryogo, pale magari yalipozuiwa, inakuambia vuta kiti uketi unywe chai. Njano hiyo hiyo ukutani mwa kibanda ni tangazo la kampuni ya simu. Maana haikai ndani ya kopo la rangi. Inatokana na mahali rangi ilipowekwa, na nani anapita juu yake, na kilichokuwapo kabla.

Kuna sababu ya kuanza na katuni badala ya filamu ya waigizaji. Kamera inayopiga picha mtaani hunasa vingi visivyokusudiwa: mbwa anakatiza, kivuli cha wingu kinaangukia ukuta. Katika katuni hakuna mbwa anayekatiza kwa bahati. Kila jani limechorwa kwa sababu mtu fulani aliamua liwepo. Na ngano inauongezea uamuzi huo uzito, maana bibi anayesimulia ana ruhusa ya kunyamaza. Akisema palikuwa na mchawi, basi. Hakuna anayemuuliza mchawi alivaa nini, alikuwa na umri gani, nyumba yake ilitazama upande gani. Sungura wa ngano za Rwanda, Bakame, ambaye jina lake limebebwa na Éditions Bakame, wachapishaji wa vitabu vya watoto walioanza kazi Kigali mwaka 1995, hana urefu maalumu katika simulizi. Mara tu anapochorwa, lazima awe na urefu, na masikio, na namna ya kusimama mbele ya fisi. Mchoraji analazimika kujibu maswali ambayo msimuliaji aliruhusiwa kuyaacha. Majibu hayo ya kulazimishwa ndiyo tunayoyasoma.

Filamu nitakayoitumia kama mlango ni Kirikou et la Sorcière ya Michel Ocelot, iliyotoka Ufaransa mwaka 1998 na kutwaa tuzo kuu ya tamasha la katuni la Annecy mwaka 1999. Ocelot ni Mfaransa aliyepitisha utoto wake Conakry, Guinea. Sauti za Kifaransa zilirekodiwa na Wasenegali mjini Dakar, na muziki ni wa Youssou N'Dour. Kisa chenyewe kinasimulika kwa pumzi moja. Mtoto Kirikou anasema akiwa tumboni kwamba anataka kuzaliwa, anajizaa, anajikata kitovu, halafu anaanza kuuliza. Kijiji kimekauka. Chemchemi haitoi maji, wanaume wote isipokuwa mzee mmoja na mjomba mmoja wamekwenda kupigana na mchawi Karaba na hawakurudi. Wanakijiji wana maelezo kamili: Karaba amewala wanaume, Karaba ameikausha chemchemi. Kirikou ana swali moja tu, na anampelekea kila mtu: kwa nini Karaba ni mbaya?

Sasa tazama kama mtu wa agasobanuye, ukitenganisha masikio na macho. Masikio yanaambiwa wanaume wameliwa. Macho hayaoni mfupa hata mmoja. Yanachoona ni jeshi la masanamu ya walinzi, magumu, yenye viungo vya kukatika, yakitii amri za mama mmoja. Masikio yanaambiwa Karaba amezuia maji. Mtoto anapoingia pangoni kwenye chemchemi, macho yanakuta mnyama aliyeingia akiwa mdogo, akanywa na kunywa hadi akafura na kuziba njia. Hata kofia ya ajabu inayomwokoa mjomba vitani si ya ajabu: chini yake kajificha mtoto. Mara tatu filamu inatuonyesha kitu tofauti na kile inachowaachia wahusika wake waseme. Hilo si pambo. Filamu nzima imesimama juu ya tofauti hiyo, na anayeitazama kwa masikio tu atakuwa mwanakijiji mwingine.

Lakini ushahidi mkubwa umewekwa wazi mbele yetu na karibu wote tunaupita. Karaba hageuki. Anasimama mlangoni akitutazama uso kwa uso, mapambo ya dhahabu yakiwa yamemjaa, nywele zimesimama, macho yanawaka, na nyuma yake mara nyingi pana ukuta au giza la nyumba. Mtazamaji wa mara ya kwanza anasema: ndiyo, ni wa kutisha, wachawi huchorwa hivyo. Baadaye babu yake Kirikou, anayeishi mlimani ndani ya kichuguu kikubwa, anafichua siri: wanaume walimkamata Karaba na kumchoma mwiba wa sumu kwenye uti wa mgongo, mahali asipoweza kuufikia kwa mikono yake. Mwiba unampa nguvu za uchawi, na unamuuma usiku na mchana. Kwa hiyo hamgeuzii mtu mgongo. Rudia filamu kutoka mwanzo ukijua hilo, na kila picha ya Karaba inabadilika. Ule mkao tuliouita kiburi ni wa mtu anayelinda kidonda. Maneno yalificha siri kwa zaidi ya nusu ya filamu, ilhali mchoro ulikuwa umeisema tangu dakika za mwanzo.

Hiyo ndiyo ninayoiita ishara katika taaluma hii: kitu kinachoonekana, kinachorudiwa, na ambacho hadithi inakipa deni la kulipwa baadaye. Mwiba si ishara ya maumivu kwa sababu kamusi fulani imesema miiba ni maumivu. Ni ishara kwa sababu mwili mzima wa mhusika umepangwa kuuzunguka kabla hatujauona. Rangi nazo zifuate hivyo hivyo. Kijiji kimechorwa kwa udongo na njano ya jua, eneo la Karaba kwa kijivu cha majivu, msitu kwa kijani kilichojaa majani yaliyopangwa jani kwa jani, na hapo Ocelot anamkumbuka mchoraji wa Kifaransa Henri Rousseau, ambaye misitu yake ya kitropiki ilizaliwa Paris. Kijivu peke yake hakina la kusema. Kinaanza kusema kinapokutana na kijani.

Msomaji mwenye haraka ataniuliza nadharia iko wapi. Ipo, na inafaa kuijua mapema ili isikutishe. Mwaka 1928 Mrusi Vladimir Propp alichambua ngano 100 za kwao akaonyesha kwamba matendo yake yanafuata mfuatano unaotabirika; alihesabu matendo 31. Baadhi ya hayo, yanayofuatana, yanatuhusu hapa: shujaa hukutana na mfadhili, hupimwa, kisha hupewa kifaa cha nguvu. Pete, upanga, farasi. Tumia kipimo hicho kwa Kirikou uone kinavyovunjika. Mtoto anavuka hatari zote, anafika kwa babu, anaomba hirizi. Babu hana hirizi ya kumpa, na anamwambia kwamba kukosa kwake hirizi ndiko kutakakomsaidia. Mtoto anaishia kuomba jambo dogo zaidi, apakatwe kidogo. Kwa maoni yangu ndicho kipande bora cha filamu yote, na thamani ya Propp ni kwamba anatufanya tuone tulichonyimwa. Nadharia inayokuambia ngano zote ni sawa haina faida kwako. Inayokuonyesha hii moja imekengeuka wapi, ishike.

Kuna tahadhari ambayo ningependa uianze nayo badala ya kuimaliza nayo. Usiite mwiba huo hekima ya Kiafrika. Ocelot aliuchukua mwanzo wa kisa, mtoto anayesema tumboni, kutoka ngano za Afrika Magharibi zilizokusanywa na afisa wa kikoloni François-Victor Équilbecq mwanzoni mwa karne iliyopita. Sehemu kubwa ya yanayofuata aliitunga mwenyewe. Mwiba wa Karaba ni wa msanii mmoja wa mwisho wa karne ya 20, mwenye fikra za zama zake kuhusu wanaume na ukatili wao. Na mwisho wa filamu, ambapo Karaba aliyepona anambusu Kirikou naye anakua ghafla kuwa kijana wa umri wa kuoa, una harufu ya ngano za Ulaya kuliko za Conakry. Binafsi mwisho huo hunipunguzia hamu: filamu iliyotufundisha kuuamini udogo inamaliza kwa kuufuta. Wenzangu wananipinga, wakisema mama pekee ndiye anayemtambua mtoto wake katika umbo jipya, na kwa hiyo jicho linashinda tena maneno. Hoja yao si mbaya.

Jambo jingine litaulizwa Biryogo, na ni afadhali tulizungumze sisi kuliko kujifanya hatukuliona. Wanawake wa filamu hii wako vifua wazi, na Kirikou ni mtoto aliye uchi. Kulikuwa na wasambazaji waliotaka wavishwe, Ocelot alikataa. Familia inayotoka swala ya Ijumaa ina haki ya kuamua haitaitazama na watoto, na uamuzi huo hauifanyi isijue sanaa. Ila anayeitazama kama mchambuzi atagundua kwamba mavazi nayo yamepangwa: wanawake wa kijiji wamenyang'anywa dhahabu yao, na dhahabu yote imehamia mwilini na nyumbani kwa Karaba. Nani amevaa nini ni hesabu ya nguvu.

Baada ya Kirikou ninapendekeza urudi nyuma hadi mwaka 1926, kwa Mjerumani Lotte Reiniger na filamu yake ya Mwanamfalme Achmed, katuni ndefu ya zamani kuliko zote zilizosalia duniani. Visa vyake vimetoka Alfu Lela Ulela, kwa hiyo wazee wengi wa mtaani watawatambua wahusika kabla ya mwanafunzi wa chuo. Reiniger alikata maumbo ya karatasi nyeusi na kuyasogeza kidogo kidogo mbele ya mwanga. Nyuso ni vivuli tu, hazina tabasamu. Hasira itaonekanaje basi? Kwa pembe ya kiwiko, kwa shingo. Halafu utazame Azur et Asmar ya Ocelot ya mwaka 2006, ambamo Kiarabu kimeachwa bila tafsiri kwa makusudi, ili mtazamaji wa Ulaya aonje ugeni wa Azur anapofika ng'ambo ya bahari. Aliyesoma madrasa Nyamirambo, hapa hapa Kigali, hataonja ugeni ule ule. Hapo utaona kwamba filamu moja ina viti vingi vya kukalia, na kiti chako ni sehemu ya uchambuzi, kiandike.

Afrika Mashariki nayo inachora. Kwame Nyong'o wa Kenya alilipa umbo zimwi la hadithi ya Kimaasai katika The Legend of Ngong Hills mwaka 2011, na Raymond Malinga wa Uganda alimchukua kalabanda, kitisho cha mabweni ya shule, akamfanya mhusika wa filamu fupi ya mwaka 2017. Zote mbili ni fupi, na kwa anayeanza ufupi ni neema: unaweza kuitazama kazi nzima mara tano kwa jioni moja. Mara ya kwanza na sauti. Mara ya pili zima sauti kabisa, uandike unachokiona bila kutumia jina la mhusika yeyote. Mara ya tatu fumba macho usikilize. Kisha weka karatasi mbili kando kwa kando, utafute zinapogombana.

Zoezi la mwisho halihitaji hata skrini. Katika Swahili Tales za Edward Steere, zilizochapishwa mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, mna kisa cha Sultani Darai. Maskini anayechakura jaani anamnunua paa. Paa anamtafutia almasi, mke na nyumba ya kifahari. Paa anaugua, bwana wake anamdharau hadi anakufa. Bwana anaamka yuko jaani kama mwanzo. Msimuliaji analitaja jaa bila kulieleza. Wewe ndiye unayelichora. Amua kama jaa la mwisho litakuwa picha ile ile ya jaa la mwanzo, au kama kitu kimoja kitakuwa kimeongezeka ndani yake. Amua kama mle kwenye nyumba ya kifahari, katikati ya utajiri wote, kuna kona ya picha ambayo tayari ina rangi ya takataka, na ni kuanzia tukio lipi. Njoo na michoro yako, hata ya kalamu ya wino kwenye daftari la shule, na uwe tayari kumweleza mwenzako kwa nini umeweka kila kitu pale ulipokiweka.