Usiikimbilie Skrubu

Gari la kabureta lililoondoka Mombasa likinguruma vizuri linaweza kuwasili Wundanyi likitetemeka kama mtu mwenye homa. Dereva akiondoa tu mguu kwenye mafuta, mzunguko wa injini unashuka, taa ya oili inamulika, gari linazima katikati ya stendi. Mara nyingi tiba anayoipata ni moja: bisibisi inaingizwa, skrubu ya kabureta inakazwa, injini inapandishwa sauti, pesa zinalipwa. Ugonjwa anarudi nao nyumbani, na sasa anachoma petroli zaidi kuulea.

Jambo hili linaniuma kwa sababu magari makuukuu ndiyo yanayoibeba Taita Taveta. Mboga za Werugha na Mgange hazishuki milimani kwa magari mapya. Zinashuka kwa pikapu zilizozeeka, zikiwemo Peugeot 504, jamii ya gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975. Mwenye gari hilo akipoteza siku mbili kwa fundi anayebahatisha, mzigo wake unamwozea.

Tuanze na mlima wenyewe. Mombasa iko usawa wa bahari, Voi iko karibu mita 600 juu yake, na Wundanyi imepita mita 1,300. Huko juu hewa imepungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10. Injini ya petroli inataka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya mafuta, lakini kabureta iliyorekebishwa pwani haina habari kwamba gari limepanda. Inaendelea kumwaga petroli kwa kipimo kilekile. Ndipo moshi unakuwa mweusi na plagi zinajaa masizi. Anayeishi Wundanyi airekebishe kabureta yake Wundanyi. Gari la sindano za mafuta, kama Probox, ni habari nyingine: sensa zake hupima hewa na kupunguza petroli zenyewe. Likitetemeka kileleni, msiusingizie mlima.

Hewa ndiyo ya kuchunguzwa kwanza, na hapa nashikilia msimamo hata kwa fundi mwenye haraka. Gari likiwa limesimama, kile kibati kinachofungua njia ya hewa huwa kimefungwa karibu chote. Injini inaishi kwa hewa kidogo mno, kwa hiyo ufa mdogo kwenye mpira mmoja, ambao usingeusikia ukienda kilomita 80 kwa saa kuelekea Mtito Andei, unatosha kuivuruga. Tega sikio usikie mluzi. Bana mipira myembamba ya hewa kwa koleo, mmoja baada ya mwingine. Ule ambao ukibanwa injini inatulia, ndio uliopasuka. Kwenye gaskiti ya manifoldi ya hewa, nyunyiza maji kidogo kwa chupa ya dawa, ukiziepuka nyaya, na usikilize kama mngurumo utabadilika. Wapo wanaonyunyiza petroli kwa kazi hii. Injini ikiwa ya moto, hilo ni jaribio la kuchoma gari na mikono pamoja.

Kisha kuna vumbi. Udongo mwekundu wa huku, kuanzia mipaka ya Tsavo hadi njia za mashamba ya katani Mwatate, unaziba chujio la hewa mapema kuliko kitabu cha gari kinavyotaja. Vumbi laini linalopita huchanganyika na mvuke wa oili na kuganda kwenye kibati kile na kwenye tundu la hewa ya kusimamia. Kulisafisha ni kazi ya nusu saa kwa dawa ya kabureta na kitambaa. Chujio nalo, ukilipuliza, upepo utoke ndani kwenda nje. Ukipuliza kinyume unalishindilia vumbi.

Joto la Voi lina tabia yake pia. Ukizima gari la kabureta adhuhuri ule chakula, petroli huchemka kwenye bomba lililo karibu na injini. Ukiwasha, linakohoa dakika kadhaa, halafu linapona. Fungua boneti lipoe kabla hujashawishiwa kununua pampu. Lakini likipanda na kushuka mzunguko bila kukoma, angalia pia maji ya radieta, injini ikiwa baridi. Katika baadhi ya Toyota za zamani, valvu ya hewa huongozwa na joto la maji hayo, na yakipungua haijui kama injini imepata moto.

Silinda zenyewe nazo zina mtihani wake. Kwenye gari la sindano, chomoa soketi ya sindano moja moja injini ikiwa inanguruma. Silinda ambayo ukiinyima mafuta injini haibadiliki ndiyo iliyolala. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa pia huleta mtetemo. Uovu huo ndio uliofanya mafuta ya taa yatozwe ushuru wa Sh18 kwa lita mwaka 2018.

Skrubu ni ya mwisho, injini ikiwa moto, taa na kipoza hewa vimezimwa, ukifuata kipimo kilichoandikwa chini ya boneti, ambacho kwa magari mengi hukaribia mizunguko 700 hadi 850 kwa dakika.

Na silinda ile iliyolala ikikataa kuamka hata kwa plagi mpya na sindano safi, ipimwe kompresheni. Ikiwa ndogo, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi zimeisha. Isipopanda, mara nyingi valvu ndizo zinazovujisha, na huenda silinda hedi ikafunguliwa. Fundi anayekuambia ufungue hedi bila kukuonyesha vipimo hivyo viwili, mwombe avifanye kwanza mbele yako.