Kiti cha gari kwa mtoto mrefu (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona kwa nini mtoto hapaswi kupakatwa garini. Leo tuingie kwenye swali linalowatatiza wazazi wa watoto warefu. Mtoto ana miaka miwili na sentimita 93. Akikaa kwenye kiti kinachotazama nyuma magoti yanapanda na viatu vinagusa mgongo wa kiti cha gari. Je, si wakati wa kumgeuza atazame mbele? Wengi humgeuza, na hapo ndipo tunapoachana njia. Miguu haina neno hapa. Kinachoamua ni urefu wa kuanzia makalio hadi utosini, na mtoto ambaye kichwa chake bado kimo ndani ya ganda la kiti hajafikia kugeuzwa, hata awe na miguu ya korongo.

Sababu iko shingoni. Kichwa cha mtoto mdogo ni kizito mno kwa mwili wake, na pingili za shingo bado zina gegedu ambayo huchukua miaka kadhaa kugeuka mfupa kamili. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele hushikwa mabega na mikanda huku kichwa kikirushwa, na shingo peke yake ndiyo inayokizuia. Anayetazama nyuma hudidimizwa kwenye kiti. Mgongo, shingo na kichwa huegemea kwa pamoja. Huko Uswidi Profesa Bertil Aldman alianza kujaribu viti vya namna hii miaka ya 1960, wazo akilipata kwa wanaanga na jinsi walivyolazwa kwenye viti vyao, na hadi leo ushauri wa huko ni mtoto atazame nyuma mpaka karibu miaka minne. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani nacho kiliondoa kigezo cha miaka miwili mwaka 2018, kikasema mtoto ageuzwe anapofikia kikomo cha urefu au uzito cha kiti chenyewe.

Watauliza: miguu hiyo iliyokunjwa haitavunjika? Mtoto huikunja, huikalia, huitanua, wala hasumbuki kama tunavyodhani sisi wenye viungo vilivyokakamaa. Anayetazama mbele ndiye ambaye miguu yake hurushwa ikagonga kiti kilicho mbele yake. Na hata mambo yangekuwa kinyume, mfupa wa mguu huungwa ukapona. Uti wa shingo ukikatika, hakuna wa kuuunga.

Pingamizi zito zaidi ni udogo wa gari. Katika Vitz au IST, kiti kirefu kinachotazama nyuma humsukuma abiria wa mbele mpaka magoti yakaribie dashibodi. Jibu la kumridhisha kila mtu sina, ila viti vingi huruhusu mtoto aliyekua kukaa wima zaidi kuliko mchanga, na nafasi kiasi hurudi. Kumhamishia mbele, penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, ni jambo la kutofikiriwa kabisa: ukifumuka unaweza kumuua mtoto anayetazama nyuma.

Basi kabla ya kwenda dukani, mkalishe mtoto sakafuni mgongo ukutani, upime hadi utosini. Tangazo la kilo lisikuzuzue. Kiti kinachojisifu kubeba kilo 18 chaweza kumwishia mtoto mrefu mwembamba akiwa na kilo 13, kwa kuwa ganda ni fupi. Kwa viti vya Marekani, kanuni iliyozoeleka ni ganda kubaki juu ya kichwa kwa sentimita 2.5 angalau, na mikanda itokee usawa wa mabega au chini yake kidogo. Viti vya Ulaya vya kanuni ya R129, iliyoanza 2013, haviruhusu kumgeuza mtoto kabla ya miezi 15, na lebo zake hutaja urefu wa mwili mzima, mara nyingi hadi sentimita 105. Hapo watoto wetu hupunjwa kidogo, maana watu wa asili ya Afrika kwa wastani wana miguu mirefu zaidi kwa kiwiliwili chao kuliko Wazungu; mtoto anaweza kufika 105 kichwa kikiwa bado na nafasi. Hata hivyo lebo ifuatwe, kwa sababu hicho ndicho kipimo ambacho kiti kilijaribiwa nacho.

Viti vya mitumba vina maswali yake, kuanzia ajali ambazo muuzaji hazitaji. Tutayashika wiki ijayo.