Bomba la katikati: sehemu ya filta ya oili isiyochuja chochote

Shofere anayetoka Beni kupandisha Komanda akishaiacha Eringeti nyuma, hasimami kwa kupenda. Kwa miaka kadhaa sasa magari ya kakao, mbao na vyakula kwenye Barabara ya Taifa namba 4 yamekuwa yakisafiri kwa misafara yenye wanajeshi, kwa hofu ya mashambulizi ya waasi wa ADF. Gari likizimika katikati ya msitu, msafara hauna subira ya siku nzima. Kufa kwa injini hapa si hasara ya pesa tu.

Na injini haifi kwa kishindo kila mara. Nyingine hulika polepole. Jua likiwaka, vumbi jekundu la barabara hupenya kila upenyo, na ndani yake mna chembe za kwatzi, madini magumu kuliko chuma cha beringi. Tabaka la oili linalotenganisha krankshafti na beringi zake lina unene wa maikroni chache, wakati unywele wa mtu una kama maikroni 70. Chembe usiyoiona kwa macho inatosha kukwaruza. Kuikamata ni kazi ya filta ya oili, kifaa kilichoingia kwenye magari baada ya Wamarekani Ernest Sweetland na George Greenhalgh kubuni Purolator mwaka 1923.

Filta ikitajwa, wengi hufikiria karatasi yake ya mikunjo. Lakini pasua filta ya kopo, ile inayofungwa kwa kuzungusha, uone kilicho ndani ya duara la hiyo karatasi: bomba jembamba la bati lenye matundu. Halichuji hata punje. Oili chafu huingia kwa matundu madogo ya pembeni, hujaa kati ya kopo na karatasi, hupenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, hupita matundu ya bomba, kisha hutoka kwa tundu kubwa la katikati lenye nyuzi na kurudi kwenye injini. Pampu inasukuma kila kitu kuelekea katikati, na kinachoizuia karatasi isijikunje na kuchanika ni hilo bomba peke yake.

Tupige hesabu. Chukua karatasi yenye kipenyo cha sentimita 6.5 na kimo cha sentimita 7. Eneo lake la nje ni kama sentimita za mraba 143. Tofauti ya shinikizo kati ya nje na ndani ikifika baa moja, kila sentimita ya mraba inabeba karibu kilo moja. Jumla ni zaidi ya kilo 140 zinazobana kutoka kila upande, juu ya bati unaloweza kulibonyeza kwa vidole.

Filta mpya yenye oili ya moto haifiki huko. Vitabu vya nchi za baridi hutahadharisha kuhusu asubuhi za theluji, oili inapokuwa nzito. Eringeti hakuna theluji. Kwetu kinachoongeza shinikizo ni oili iliyokaa muda mrefu hadi ikawa nyeusi na nzito kwa masizi, na karatasi iliyojaa uchafu kwa sababu vidanji, yaani kubadilisha oili na filta, imeahirishwa. Filta nyingi zina valvu ya kupitishia oili pembeni, ambayo kwa kawaida hufunguka tofauti ya shinikizo ikifika kati ya nusu baa na baa moja na nusu. Hapo injini hupata oili isiyochujwa, jambo lililo afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Lakini valvu ikiwa mbovu au imekwama, shinikizo huendelea kupanda, na bomba dhaifu hunywea. Karatasi hufuata, huchanika, na vipande vyake husafiri hadi kwenye njia za oili za injini. Ndiyo maana katika mfululizo wa vipimo vya kimataifa vya filta, ISO 4548, sehemu ya 3 inahusu hasa uwezo wa filta kuhimili tofauti kubwa ya shinikizo na joto kali.

Sasa tuje kwenye matundu, ambako mabishano ya gereji huwa makali. Wako wanaosema bomba lenye matundu machache linainyima injini oili. Mimi naona hofu hiyo imetiwa chumvi. Bomba lenye matundu 60 ya milimita 5 lina nafasi ya karibu milimita za mraba 1,180. Njia ya kutokea oili, ikiwa na kipenyo cha milimita 12, ina milimita za mraba 113 tu. Hata ukiziba nusu ya matundu, oili bado ina nafasi mara tano ya ile ya mlango wa kutokea.

Kwa aina moja ya bomba, hofu hiyo ina msingi. Viwanda vingine havitoboi matundu ya duara. Hupasua bati na kuinamisha kila kipande kidogo, kama vioo vya dirisha la luva. Faida yake ni kwamba bati halipotei, kwa hiyo bomba hubaki imara. Lakini mashine ikiwa na meno yaliyokwisha, mipasuo hubaki imefumba au kufunguka uzi tu. Ukiihesabu kwa nje unakuta luva nyingi. Ukimulika kwa ndani, mwanga haupiti. Kuhesabu hakusaidii kitu hapo.

Lipo na jambo ambalo hata mafundi wazoefu hawalitaji sana. Chini ya kopo mna springi inayoisukuma karatasi na vifuniko vyake ibanane na upande wa mlango. Mzigo wa springi hiyo hubebwa na bomba, likiwa limesimama wima kama nguzo. Likiwa fupi kuliko inavyotakiwa, au mshono wake ukifunguka likalegea, panabaki mwanya, na oili chafu huupitia bila kugusa karatasi. Na kwa kuwa bomba liko upande wa oili safi, ncha za bati zilizoachwa wakati wa kutoboa hazina kizuizi mbele yake: zikikatika, kituo kinachofuata ni beringi.

Magari kadhaa mapya hayana kopo. Karatasi hubadilishwa peke yake, na bomba, mara nyingi la plastiki ngumu, hubaki ndani ya kikombe cha injini. Plastiki si kasoro ikiwa imetengenezwa kuhimili oili yenye joto la nyuzi 100 na zaidi. Balaa ni fundi mwenye haraka anayelitupa pamoja na karatasi kuukuu.

Filta zinazouzwa Beni na Butembo, nyingi zikiwa zimepitia mpaka wa Kasindi, hufanana kwa rangi na maandishi, bandia na halisi. Kabla ya kulipa, mulika tochi ya simu kwenye tundu la katikati. Tazama kama matundu yamefunguka, mshono umefunga, na hakuna ncha zinazoning'inia. Bonyeza kwa kidole: sehemu ya ndani irudi kwa nguvu. Ukitikisa na kusikia kitu kinacheza, mrudishie mwenye duka.

Jenereta za vituo vya afya zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu hazina kilomita za kumkumbusha mtu. Nyingi hutakiwa kufanyiwa vidanji kila baada ya saa 250. Jenereta isiyozimwa, yenye kulinda friji ya chanjo usiku na mchana, inafika hapo kwa siku 10 na ushei.

Filta kuukuu inafaa kupasuliwa ili kuona bomba limekaaje, ila kwa mkasi wa bati au tindo; msumeno huacha unga wa chuma utakaodhani umetoka kwenye injini. Vaa glavu. Oili iliyotumika hubeba kemikali za mwako ambazo baadhi yake husababisha saratani, na ngozi huzinyonya. Bomba likiwa limejikunja upande mmoja, usiishie kufunga filta nyingine: angalia pia oili imekaa muda gani, na kama valvu ya shinikizo kwenye pampu bado inafunguka.