MGONJWA APEWE NA NYAMA
Supu ya kuku yenye tambi na limau



Wahenga walisema, mgonjwa haulizwi uji. Ukimwuliza kama anataka kula, atasema hapana, nawe utageuka na bakuli lako. Basi usiulize. Pika, mpelekee, kaa karibu naye. Katika toleo hili ukurasa wetu wa afya unazungumzia chakula kinachopikwa karibu kila nyumba anapougua mtu, yaani supu ya kuku. Tutaeleza namna ya kuipika pamoja na tambi na limau, ili imfae mtu aliyepoteza hamu ya kula. Lakini kabla ya kushika sufuria tunapenda kusema juu ya kosa moja ambalo familia nyingi hulifanya, tena kwa nia njema kabisa.

TULIYOYAONA KWA BIBI MMOJA

Wakati fulani wa Kwaresima tulikwenda na wanajumuiya kumtazama bibi mmoja aliyekuwa ametoka hospitali. Alikuwa ameugua nimonia. Homa ilikuwa imekwisha na dawa amezimaliza, lakini nguvu hazikurudi. Alikuwa amekonda, na kuketi tu kitandani kulimchosha. Mke wa mwanawe alitueleza kwa uchungu: "Tumeshamchinjia kuku wawili, na bado hapati nafuu."

Tuliomba tuone anachopewa. Kilikuwa kikombe cha supu iliyochujwa, nyeupe, isiyo na hata unyuzi wa nyama. Minofu yote walikula watoto na wageni. Watu wa nyumba ile waliamini kwamba nguvu ya kuku ikishachemshwa huingia yote katika maji, na tena bibi hakuwa na meno ya kutafunia. Hakuna aliyemnyima kwa ubaya. Walimpa kile walichodhani ndicho bora.

Mama mmoja wa jumuiya akaingia jikoni, akanyambua paja la kuku vipande vidogo vidogo, akachemsha tambi laini na kukamulia limau. Alipompelekea, bibi akasukuma bakuli. "Mwanangu, leo Ijumaa. Siwezi kula nyama siku ya Mateso."

Ilibidi katekista aliyekuwa nasi aketi na kumweleza taratibu kwamba sheria ya Kanisa ya kujinyima nyama haimfungi mgonjwa, na kwamba kitanda chake kilikuwa tayari ni sadaka yake ya Kwaresima. Bibi akafikiri, kisha akasema, "Kama ni hivyo, leteni, lakini kidogo." Alikula vijiko vitano. Kesho yake akala nusu bakuli. Baada ya wiki tatu tulimkuta ameketi nje juani, anachambua maharage.

Hatusemi kwamba supu ilimponya nimonia. Nimonia ilitibiwa na dawa za hospitali. Lakini dawa haijengi mwili uliokonda. Kazi hiyo hufanywa na chakula.

NGUVU YA KUKU IKO WAPI?

Kuku anapochemka, maji huchukua ladha, mafuta, chumvichumvi kidogo na ile hali ya kunata itokayo katika mifupa na ngozi. Maji hayo yana faida: humpa mgonjwa joto na kumwongezea maji mwilini. Lakini sehemu kubwa ya protini, yaani kile kinachojenga misuli na kuusaidia mwili kupambana na maradhi, hubaki ndani ya nyama yenyewe. Madini ya chuma na zinki pia hubaki humo kwa wingi. Mgonjwa anayepewa maji ya kuku peke yake kwa siku nyingi anashiba tumbo na kuendelea kukonda.

Kwa hiyo, wazazi wapendwa, nyama ibaki ndani ya bakuli la mgonjwa. Kama hana meno au koo linamuuma, inyambuliwe au ipondwe kwa kinu, halafu irudishwe katika supu.

JE, SUPU NI DAWA?

Sifa za supu ya kuku ni za zamani. Moses Maimonides, tabibu Myahudi aliyefanya kazi nchini Misri katika karne ya 12, aliwashauri wagonjwa wake kuinywa. Mwaka 1978 madaktari wa Miami Beach, Marekani, walilinganisha maji baridi, maji moto na supu ya kuku ya moto, wakaona kwamba supu huharakisha kamasi kutoka puani kuliko maji. Mwaka 2000 watafiti wa Nebraska walionyesha katika maabara kwamba supu ya kuku hupunguza mwendo wa aina fulani ya chembe nyeupe za damu zinazohusika na uvimbe wa njia ya hewa. Jaribio hilo lilifanyika katika vyombo vya maabara, siyo kwa wagonjwa, basi tusilikuze kupita kiasi.

Jibu letu ni hili: supu humliwaza mwenye mafua na kufungua pua, na ikiwa na nyama humrudishia nguvu. Haiui vijidudu vya malaria, haitibu nimonia, wala kifua kikuu.

KWA NINI TAMBI NA LIMAU?

Tambi ni laini, hazihitaji kutafunwa sana, na hutia nguvu ya haraka mwilini. Watoto nao huzipenda, hata yule anayekataa ugali.

Limau lina kazi tatu. Kwanza, mdomo wa mgonjwa huwa mchungu au hauna ladha kabisa. Uchachu huamsha mate na kumfanya atamani kijiko cha pili. Pili, limau huruhusu kupunguza chumvi bila chakula kupooza. Tatu, vitamini C iliyo ndani yake huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika mboga za majani kama mchicha. Ndimu nayo hufaa vilevile.

Tusiamini, hata hivyo, kwamba limau huzuia mafua au kuua vijidudu katika kuku asiyeiva. Kuku huivishwa na moto, siyo na ndimu.

MAHITAJI (watu 6 hadi 8)

– Kuku mmoja wa kilo moja na nusu hivi
– Maji safi lita 3
– Kitunguu maji kikubwa 1
– Karoti 3
– Kitunguu saumu punje 4
– Tangawizi kipande cha ukubwa wa kidole gumba
– Pilipili manga punje chache
– Chumvi kijiko kimoja cha chai
– Tambi gramu 200
– Mchicha fungu dogo, ukipatikana
– Malimau 2, au ndimu 3

JINSI YA KUTAYARISHA

1. Kata kuku vipande. Tia katika sufuria pamoja na shingo, firigisi na miguu iliyosafishwa vizuri. Mimina maji baridi yafunike nyama.

2. Bandika jikoni. Yakianza kuchemka, povu litapanda juu. Lienge kwa upawa mpaka supu itakate.

3. Tia kitunguu kilichokatwa mara nne, kitunguu saumu, tangawizi iliyopondwa, pilipili manga na chumvi. Punguza moto. Supu itokote polepole, isifurukute. Moto mkali huifanya iwe na ukungu na nyama iwe ngumu.

4. Kuku wa kisasa huiva kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja. Kuku wa kienyeji huhitaji saa moja na nusu hadi mbili, na jogoo mzee hata zaidi. Ameiva nyama inapoachana na mfupa yenyewe na maji yake hayana wekundu.

5. Toa nyama, inyambue, tupa mifupa yote. Angalia sana vifupa vidogo vya shingo, maana mtoto au mzee anaweza kukwama navyo. Chuja supu. Ikiwa mgonjwa ana kichefuchefu, enga mafuta yaliyoelea juu.

6. Rudisha supu jikoni. Tia karoti zilizokatwa vidogo. Zikianza kulainika, vunjavunja tambi ziwe fupi ili zikae kijikoni, utie. Tambi nyembamba sana huiva kwa dakika 3 au 4, zile nene huchukua dakika 10 hivi.

7. Rudisha nyama na tia mchicha uliokatwakatwa. Chemsha dakika mbili, kisha epua.

8. Limau likamuliwe bakulini wakati wa kula, kijiko kimoja cha chai au viwili kwa kila mtu. Likichemshwa hupoteza sehemu ya vitamini C, na tena hutia uchungu. Kokwa zake zitolewe.

Tambi zikilala ndani ya supu hunywa maji yote na kuwa kama uji. Kama unapika supu ya siku nzima, chemsha tambi za mlo huo tu.

USAFI WA JIKONI

Kuku mbichi hubeba vijidudu vinavyoleta kuhara. Usimwoshe chini ya bomba, kwa sababu maji huruka na kupeleka vijidudu kwenye vyombo na mboga. Ukichinja nyumbani, nyonyoa na pasua mbali na vyombo vya kulia. Nawa mikono kwa sabuni. Kisu na ubao uliotumika kwa kuku usikatie kitu kingine kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto.

Supu iliyobaki isikae mezani zaidi ya saa mbili. Iweke kwenye friji, na kabla ya kuliwa tena ichemke kabisa. Nyumba isiyo na friji ipike ya kutosha mlo mmoja. Mgonjwa asipewe kiporo kilicholala.

WANAOPASWA KUANGALIA

– Mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Baada ya hapo apewe nyama na karoti zilizopondwa laini, zitolewe kabla supu haijatiwa chumvi.
– Mwenye vidonda mdomoni au kiungulia aache limau mpaka apone.
– Mwenye shinikizo la damu asitiliwe vile vipande vya kuongeza ladha vinavyouzwa dukani, kwa kuwa vina chumvi nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, ambazo ni kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote.
– Mwenye kisukari ahesabu tambi kama sehemu ya wanga wake, asile pamoja na mkate au wali.
– Anayeharisha apewe maji ya ORS. Supu haishiki nafasi yake.

USISUBIRI SUPU IIVE

Mpeleke mgonjwa zahanati mara moja ukiona mtoto anapumua haraka au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, anashindwa kunyonya au kunywa, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri. Kila mwenye homa apimwe malaria. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apimwe kifua kikuu.

KUKU MMOJA, NYUMBA NYINGI

Tunajua kwamba siyo kila familia inaweza kuchinja. Kuku anayetaga ni ada ya shule ya mtoto. Hata hivyo nusu kuku yatosha, au vipapatio na firigisi. Mayai nayo ni chakula kamili: Wagiriki wana supu yao ya kuku waliyoizoea, inayotiwa mayai na limau. Sisi tunashauri yai lipigwe na kumiminwa katika supu inayochemka mpaka liive kabisa.

Na hapa ndipo jumuiya ndogo ndogo zina kazi. Mara nyingi tunakwenda kwa mgonjwa na rozari mikononi, tunasali vizuri, tunaimba vizuri, tunaondoka. Mmoja angeleta tambi, mwingine karoti, mwingine malimau ya mti wake, na wanne wakachangia kuku. Tena anayeuguza naye apewe bakuli, kwa sababu mara nyingi hajala tangu asubuhi.

Tunasoma katika Injili ya Marko, sura ya 5, kwamba Bwana wetu alipomfufua binti wa Yairo, watu walishikwa na mshangao mkubwa. Yeye aliwaagiza wampe yule binti chakula. Muujiza ulikuwa umekwisha kufanyika, na bado msichana alihitaji kula.

Mwezi huu, kila jumuiya itafute mgonjwa mmoja aliye karibu, nayo imwulize anayemhudumia: je, anapata nyama, au maji yake tu?

Mungu awabariki, na awape wagonjwa wenu afya njema.