Jina la Mungu katika Nchi ya Milima

Mwaka 1855 wamisionari wawili wa Kanisa la Moravian, Heyde na Pagell, walisafiri kwa miguu na farasi katika milima ya Ladakh, penye nyumba nyingi za watawa wa Kibudha. Shabaha yao ilikuwa Mongolia, lakini njia ya Tibet ilifungwa mbele yao. Mwaka 1856 wakaanzisha kituo huko Kyelang. Kanisa lilo hilo lilifika Rungwe mwaka 1891.

Mwenzao Jäschke, alipotafsiri Agano Jipya kwa Kitibeti, alimwita Mungu Konchok, neno ambalo Wabudha hulitumia kwa Vito Vitatu: Buddha, mafundisho yake na jumuiya ya watawa. Je, neno hilo laweza kumtaja Muumba? Swali hili si geni kwetu: Ruwa wa Wachagga ni jina la Mungu, na pia ni jua.

Neno la kale halibadiliki maana kwa siku moja. Hufundishwa upya kwa mahubiri na kwa maisha ya waumini. Basi mhubiri wa Msimbazi, aishiye kati ya Waislamu na watu wa makabila mengi, na ajiulize kwanza: nikisema "wokovu", jirani yangu asikia nini?