Nani amwangalie nani angani?

Zilikuwa hazijatimia wiki nne tangu Australia ibadili sheria za anga yake. Mkesha wa Krismasi mwaka 2003, Boeing 737 ya Virgin Blue ilikuwa ikishuka kuelekea Launceston, kisiwani Tasmania, pale chombo cha kuonya migongano kilipolia mbele ya marubani: kuna ndege nyingine karibu mno. Ilikuwa Tobago, kindege cha injini moja. Marubani wa Boeing walitii chombo, ndege zikapishana, abiria wakatua salama. Chini, ugomvi uliokuwepo tangu zamani ukapamba moto.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) limeigawa anga kwa madaraja, A hadi G. Katika Daraja C, kila ndege huingia kwa kibali, na mwongozaji huitenganisha ndege ya abiria na nyingine zote. Daraja E ni legevu zaidi. Ndege zinazoruka kwa kutegemea vyombo hutenganishwa zenyewe kwa zenyewe, lakini kindege kinachoruka kwa macho hupita humo bila kuomba ruhusa. Tarehe 27 Novemba 2003, sehemu kadhaa za C juu ya viwanja vya mikoani ziligeuzwa kuwa E, kwa kufuata mfano wa Marekani.

Ungetegemea marubani wawe upande mmoja na waongozaji upande mwingine. Haikuwa hivyo. Marubani wa mashirika makubwa waliungana na waongozaji kuyapinga mageuzi. Waliokuwa wakiyashangilia ni marubani wa ndege binafsi, na kinara wao alikuwa Dick Smith, tajiri wa maduka ya vifaa vya elektroniki aliyeizunguka dunia peke yake kwa helikopta mwaka 1982 na 1983, na ambaye aliwahi kuiongoza bodi ya mamlaka ya usafiri wa anga.

Hoja ya Smith haikuwa ya ovyo. Waongozaji ni wachache na fedha zina mwisho, kwa hiyo wapelekwe penye hatari kubwa zaidi. Marekani ina ndege nyingi kuliko Australia, na Daraja E limeitumikia miaka mingi. Kwa nini rubani wa kindege asubiri kibali katika anga tupu?

Wapinzani walijibu kwamba Marekani ina rada karibu kila mahali penye msongamano, ilhali rada za Australia zilihudumia zaidi pwani ya mashariki na miji mikubwa. Ukichukua sheria ukaiacha rada, umechukua nusu.

Tena jicho lina mipaka yake. Ndege mbili zinazoelekea kugongana hazionekani kusogea kiooni: kila rubani huiona nyingine kama nukta iliyotulia palepale, na jicho la mtu huvutwa na kinachosogea. Nukta hukua ghafla katika sekunde za mwisho. Mwongozo wa Marekani unakadiria kwamba kuona, kutambua, kuamua na kukwepa huchukua takriban sekunde 12.5. Ndege zinazokaribiana kwa kilomita 740 kwa saa huwa zimekula kilomita mbili na nusu kwa muda huo. Mwaka 1991 wachunguzi wa ajali wa Australia wenyewe walikuwa wameshachapisha ripoti kuhusu udhaifu huu.

Novemba 2004, Daraja C lilirudishwa juu ya viwanja kadhaa. Kasoro nyingine ilikuwa imejitokeza: Airservices Australia, shirika la serikali linaloajiri waongozaji, ndilo pia lililokuwa likiamua anga ipewe daraja gani. Mtoa huduma alikuwa msimamizi wake mwenyewe. Sheria ya mwaka 2007 iliyahamishia mamlaka hayo CASA, msimamizi wa usalama wa anga.

Hata hivyo, wapinzani wa Smith hawakushinda moja kwa moja. Tarehe 19 Februari 2020, ndege mbili za mafunzo ziligongana karibu na Mangalore, jimbo la Victoria, na watu wote wanne waliokuwemo wakafa. Zote zilikuwa zikiruka kwa vyombo, na mwongozaji alikuwa amewataarifu marubani kwamba kuna ndege nyingine. Lakini anga hiyo ilikuwa ya Daraja G, ambako mwongozaji hutoa taarifa tu, kazi ya kutenganisha si yake. Chini ya E angelazimika kuzitenganisha. Daraja lililoonekana hatari pale liliposhushwa kutoka C lingekuwa kinga mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Mwaka 2021 Airservices ilipendekeza kulishusha Daraja E hadi futi 1,500 juu ya ardhi, kati ya Cairns na Melbourne. Safari hii waliolalamika ni warushaji wa vindege na nyiriri (ndege zisizo na injini), waliohofia gharama ya vifaa na kubanwa. Miaka 18 nyuma, herufi ileile ilikuwa bendera ya marubani wadogo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni. Tarehe 5 Machi 2024, ndege aina ya Dash 8 ya shirika la Safarilink iliyobeba watu 44 kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Diani iligongana na Cessna ya mafunzo juu ya Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Dash 8 ilirudi salama. Wawili waliokuwa ndani ya Cessna walifariki. Wilson ina mnara na waongozaji, na bado wanafunzi na watalii hupishana katika anga finyu.

Kwa hiyo kubishana kati ya jicho la rubani na sauti ya mwongozaji hakutoshi. Daraja la anga hugawa majukumu, na jukumu bila chombo cha kulitimizia ni maandishi matupu. Australia ilionekana kulielewa hilo mwaka 2022, serikali ilipoanza kurudisha nusu ya gharama, hadi dola 5,000 za huko, kwa mwenye kindege anayefunga kifaa kinachotangaza mahali alipo. Wanaopanga upya anga popote pale wangeanzia hapo: kwanza kila ndege ionekane, ndipo wabishane juu ya herufi.