Chokoleti na Majonzi

Husikika mara kwa mara ikisemwa kwamba chokoleti ni dawa ya huzuni. Madai hayo yafaa kupimwa, hasa katika pande hizi za Mbarara, kuanzia maduka ya Kakoba hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako wengi wanaishi na kumbukumbu za vita.

Chokoleti hutokana na kakao, zao linalolimwa humu Uganda, hasa wilayani Bundibugyo. Mbegu zake zina kafeini kidogo na teobromini nyingi zaidi, vitu vinavyochangamsha mwili. Zina pia feniletilamini, iliyopewa sifa ya kuleta furaha. Sifa hiyo haina msingi mkubwa, kwani sehemu kubwa ya kemikali hiyo huvunjwa mwilini kabla ya kuufikia ubongo.

Furaha yatoka wapi, basi? Yatoka katika sukari, mafuta, harufu, na ulaini wa kitu kinachoyeyuka kwa joto la kinywa. Mambo hayo huufanya ubongo utoe dopamini, kemikali inayotusukuma kukirudia kilichotupendeza. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, Michener na Rozin, waliwapa watu wenye hamu ya chokoleti vidonge vyenye kakao. Hamu haikutulia. Chokoleti nyeupe, isiyo na unga wa kakao, iliituliza kwa kiasi.

Raha hiyo ni halali, lakini hupita upesi. Majonzi ya aliyepoteza jamaa, nyumba na nchi yahitaji tiba nyingine, na tiba hiyo ilikwisha kujaribiwa Nakivale kwenyewe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walishirikishwa wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia waliosumbuliwa na athari za vita. Washauri wao walikuwa wakimbizi wenzao, watu wa kawaida waliopewa mafunzo. Waliopata nafasi ya kusimulia na kushauriwa walipona kwa wingi kuliko wale waliofuatiliwa tu.

Anayependa chokoleti, basi, na aile. Lakini jirani akikosa usingizi, akijitenga na watu na kukataa chakula kwa majuma mfululizo, tusimpelekee kitu kitamu tukaondoka. Tuketi naye, tumsikilize, kisha tumfikishe kwenye kituo cha afya.